Betri Nilizoziua kwa Kudhani Nazitunza

Ipo siku moja ya chanjo ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu nimeyasahau.

Nilikuwa mtunza umeme wa zahanati moja huku Momba, mbele ya Chitete. Betri nane kubwa za sola ndizo zilizoendesha friji ya chanjo. Kwetu tulilelewa kutobakiza chakula sahanini, nami nikaona betri nayo haifai kubakiza chaji. Basi kila wiki nilichomoa waya wa sola, nikaacha betri zitumike mpaka taa zififie, ndipo nikachomeka tena. Nilijiona fundi kwelikweli! Sista Atupele, muuguzi wetu, alinionya mara mbili kwamba waliozileta walikataza kuzikausha. Nikamjibu ashike sindano zake, waya aniachie mimi. Nilikuwa na kiburi, nisikufiche.

Haikuchukua muda mrefu, betri zikachoka. Mawingu ya siku mbili tu, friji ikapata joto, chanjo zote zikaharibika. Asubuhi akina mama wakafika na watoto mgongoni, wengine wametembea kwenye tope tangu alfajiri. Sista hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka getini.

"Waambie wewe," alisema. "Mmoja mmoja."

Nikawaambia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wa mwisho alikuwa bibi aliyembeba mjukuu asiye na mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaza kanga yake, akasema, "Haya baba, tutarudi." Kisha akaishika njia ileile. Angenitukana, ningepona upesi zaidi.

Sasa wewe umekabidhiwa betri za kituo cha afya huko Mkwajuni, tena hizi za kisasa za lithiamu. Usizikamue hadi sifuri; zikibaki na robo, zirudishie chaji. Wala usiziache zishinde zimejaa pomoni kwenye joto, zitafutie chumba chenye hewa. Mpya usiifunge pamoja na kuukuu, maana kuukuu itaichosha mapema. Na anayekuonya msikilize, hata kama hajawahi kushika bisibisi. Betri ikifa, anayeumia ni mtu aliyetoka mbali kwa miguu, si wewe.

Mungu akupe mikono mitulivu na masikio ya kusikia, na kila mama atakayefika kwako arudi nyumbani na mtoto aliyechanjwa.