Mke wa Dereva wa Treni

Kila mwaka siku ile ilipokaribia, wanawake wa mtaani walikuwa hawaendi kusukwa. Si kwamba Msusi alikuwa mtu mbaya. Mkono wake tu ndio uliokuwa ukikaza. "Ukisukwa wiki hii," walitaniana, "utalala macho wazi mpaka mwisho wa mwezi." Walicheka, lakini sababu waliijua, na mgeni asiyeijua alinong'onezwa: mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha ile treni.

Treni yenyewe ilitoka relini kwenye kona ya daraja, asubuhi ya mvua, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakirudi makazini na vyuoni baada ya likizo. Mabehewa ya mbele yalitumbukia korongoni. Dereva alikufa pamoja na abiria wake. Wachunguzi wakaja, wakapima, wakaenda zao. Kuna waliosema breki zilikataa, kuna waliosema alikuwa anakimbiza, na ripoti, kama iliandikwa, haikusomwa mbele ya watu. Pasipo na jibu, maneno huota kama magugu. Msusi akabaki na binti wa kubeba mgongoni na jina ambalo hakulichagua: mke wa dereva.

Hakuhama. "Nikihama watasema nimekimbia," alimwambia dada yake aliyemtaka waishi pamoja. Akafungua saluni kwenye chumba kimoja nyuma ya kituo cha treni, akaweka kioo, viti viwili na benchi la kusubiria, akaanza kushika vichwa vya watu. Katika vichwa hivyo vilikuwamo vya wajane na vya mama waliofiwa, na kila mmoja wao alikaa kitini akijua mikono ile ni ya nani. Hawakulizungumza. Walizungumza bei ya sabuni, waume, watoto wasiosikia. Miaka ikaenda hivyo. Mtu angedhani kidonda kimepona, kumbe kimefunikwa tu.

Ndipo ikafika wiki ya mwaka wa ishirini, na Mfamasia akaja kusukwa.

Huyu mwanamke alikuwa na duka la dawa karibu na soko. Mwanawe wa kwanza, kijana wa chuo, alikuwa katika behewa la pili. Aliingia, akavua kitambaa, akaketi.

"Dada, unajua ni wiki gani," Msusi alimwambia.

"Najua. Nimekuja na kichwa kigumu." Alingoja mpaka kitana kilipoingia kwenye nywele. "Mdogo wangu, nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia sokoni. Tunataka mwaka huu siku ile iadhimishwe. Hadharani. Tusimame kituoni, majina yasomwe. Jumamosi kuna mkutano kwenye ukumbi wa shule."

Kitana kilisimama. "Majina ya nani?"

"Hilo ndilo tutakalolizungumza."

Msusi alianza kusuka. Akasuka mistari mitatu, akaifumua, akaanza upya. Mfamasia alikuwa ameng'ata mdomo kwa maumivu, lakini hakulalamika.

"Mimi nakumbuka bila kipaza sauti," Msusi alisema mwishoni.

"Wewe, ndiyo. Mimi pia. Lakini juzi amekuja kijana dukani, akanikuta nimeikodolea macho picha ya mwanangu, akaniuliza, 'Huyu alikufa na nini?' Nikamwambia, treni. Akasema, 'Treni gani?' Kazaliwa hapa hapa, anapita juu ya daraja lile kila siku."

Msusi alimaliza kazi, akafagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa, akafunga mapema.

Nyumbani alimkuta binti yake ameshasikia. Binti alikuwa muuza tiketi kwenye dirisha la kituo. Habari zote za mji zilipita hapo kabla ya kupanda treni.

"Mama, twende Jumamosi. Tudai jina la baba lisomwe."

"Tudai? Unataka watu wanyooshe vidole mbele ya macho yangu?"

"Si wanavinyoosha tayari? Tofauti ni kwamba wanavinyoosha nyuma yako."

"Wewe ulikuwa mtoto. Hukuwaona waliokuja kusimama pale mlangoni wakitutazama tu, hawasemi kitu."

"Ndiyo, nilikuwa mtoto," binti alisema. "Ndiyo maana simjui. Hakuna anayemtaja, Mama. Hata wewe humtaji."

Msusi aliinuka kwenda kuteka maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa. Akamwaga moja kwenye sakafu ya jikoni, akaanza kupiga deki.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Msusi hakutaka kukaa; alisimama karibu na mlango, mara aegemee ukuta, mara atoke nje, mara arudi. Mwalimu mmoja mstaafu alisema watu waache kufukua makaburi, mavi ya kale hayanuki. Mwanamke nyuma akamjibu kwa sauti, "Kwako hayanuki kwa sababu hukufiwa!" Watu wakaguna. Mfamasia alieleza habari ya yule kijana dukani, na ukumbi ukatulia kidogo.

Kisha akasimama Spana, makanika wa malori, mtu mpole aliyejulikana kwa kutengeneza gari huku akilisemesha. Mdogo wake alikuwa behewa moja na mwana wa Mfamasia.

"Mimi nakubali tukumbuke," alisema. "Lakini niseme ukweli. Jina la dereva likiingia, la mdogo wangu mtalitoa. Siwezi."

Vichwa viligeukia mlangoni. Msusi aliona binti yake anataka kusimama, akamkata jicho, akasema yeye.

"Sikuja kuombea jina la mume wangu. Mngeniuliza, ningesema muiache siku hiyo ipite kama inavyopita. Mwenye kulia alie kwake. Lakini kama mmeamua, someni mnaowataka. Msigombane kwa ajili yangu."

Akatoka. Nyuma yake wakapiga kura ya mikono: maadhimisho yatafanyika, yatasomwa majina ya abiria. La dereva litazungumzwa baadaye. Binti ndiye aliyemletea habari hizo.

Siku ilipofika Msusi alifungua saluni kama kawaida. Hakuja mtu. Akapanga chupa za mafuta, akazipangua. Kutoka kituoni alisikia wakijaribu kipaza sauti, "Moja, mbili, moja, mbili." Akafunga mlango, akaelekea sokoni. Hakununua kitu. Akapita mtaa wa mafundi viatu, akauzunguka uwanja wa mpira, akajikuta amefika njia ya reli bila kukusudia. Miguu ilikuwa imeshaamua zamani. Yeye ndiye aliyechelewa kuambiwa.

Watu walikuwa wamejaa kwenye jukwaa la kituo. Alisimama nyuma kabisa, kando ya mizigo. Mfamasia alikuwa akisoma. Kila jina liliposomwa, mahali fulani katika umati palikuwa na mtu aliyejikunja kidogo, kama aliyeguswa begani. Jina la mwanawe alilisoma kwa sauti ile ile ya mengine, ila baada yake alimeza mate. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja karatasi. Watu wakadhani basi.

Mfamasia akainua kichwa, na bila karatasi akalitamka jina la dereva. Jina lake, la baba yake na la babu yake, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha ndoa.

Hakuna aliyepiga kelele. Spana aligeuka, akapenya katikati ya watu, akaondoka. Binti wa Msusi alifunika uso kwa viganja. Na Msusi, ambaye kwa miaka yote alidhani siku jina lile litakapotamkwa atalia, hakulia. Alipandwa na hasira. Nani amewaomba? Wamelichukua bila kubisha hodi. Na ndani ya hasira hiyo hiyo alitamani lirudiwe mara moja tu, maana lilipita haraka mno.

Hakungoja hotuba. Alishuka ngazi za nyuma, na hapo, kwenye bomba la maji, akamkuta Spana anaosha uso. Angeweza kupita. Spana akafunga bomba.

"Shemeji," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu ajali. Zamani mdogo wake na dereva walicheza timu moja. "Sikuondoka kwa kukuchukia wewe. Yale majina mawili, kwa sauti moja... nimeshindwa kuyasikia."

"Hata mimi nimeshindwa," Msusi alisema.

Walisimama. Treni ya mizigo ilikuwa ikipiga honi mbali, na wote wawili wakangoja iishe.

"Sijawahi kukupa pole," Msusi akasema. "Niliona sina uso wa kutoa pole. Mdogo wako alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nilimjua uwanjani tu."

Spana alifikiri. "Alikuwa akisimulia kichekesho, anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Hatukuwahi kuusikia mwisho hata mmoja." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Na yeye?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu walimuuliza kuhusu breki, kuhusu mwendo, kama alilala vizuri usiku wa kuamkia safari.

"Hakujua kuendesha baiskeli," alisema. "Treni nzima anaiendesha, baiskeli inamwangusha. Nilimfundisha mimi, akaingia kwenye banda la kuku la jirani."

Spana alicheka, kicheko kikubwa kilichomtoka bila ruhusa, halafu akaziba mdomo akiona haya. "Samahani, shemeji."

"Cheka tu," Msusi alisema. "Hata sisi kuku wale walituchekesha."

Jioni hiyo binti alikiomba kisa cha baiskeli, baada ya kudokezwa na Spana, na Msusi akakisimulia huku akizunguka chumba, akionyesha kwa mikono usukani ulivyopinda. Binti alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu.

Mwaka uliofuata mkutano uliitishwa tena ukumbini kuamua kama siku ile iwe ya kila mwaka au iachwe. Msusi alikwenda, akanyoosha mkono pamoja na wanaotaka iachwe. Binti yake, kiti cha pili, akanyoosha na upande wa pili, na upande huo ukashinda. Walirudi nyumbani wakibishana njia nzima.

Siku ilipofika Msusi alikuwa jukwaani kabla ya watu wengi. Mfamasia alimwekea kiti mbele. Akamshukuru, akakisogeza ampishe mzee mmoja, akaenda kusimama nyuma alipokuwa Spana, kwa sababu kukaa hakukaliki.