Mkono wa Bi Zaituni

Nilipokuwa bado mtoto, mtaani kwetu Kariakoo watu waliamini kwamba kuna mikono mizuri na mikono mibaya. Mwenye mkono mzuri akikusuka, nywele zinakua. Mwenye mkono mbaya akikugusa kwa sindano, kidonda kinageuka maradhi. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Tulilikuta tu, kama tulivyoyakuta majina ya mitaa.

Bi Zaituni alikuwa na mkono mzuri, mpaka siku watu waliposema ni mbaya. Alitokea Lindi, akapanga chumba cha mwisho kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi, kile cha karibu na choo. Hakuwahi kuzaa. Alisuka watoto pale uani, na ndiye aliyewatoga masikio karibu wasichana wote wa mtaa, kwa sindano iliyochemshwa na uzi mweusi. Mimi na dada yangu Saumu alitutoga asubuhi moja, Idi ikiwa inakaribia. Mimi nililia. Saumu alijikaza, na Bi Zaituni akamshika kidevu.

"Mwanamke huyu! Tazama shingo, tazama masikio. Wewe utaolewa mapema."

Maneno hayo ya sifa mama aliyakumbuka baadaye.

Masikio yangu yalipona. Ya Saumu nayo yalipona, tukavaa herini mpya sikukuu. Miezi ikapita, kisha nyuma ya sikio lake la kulia pakaota kitu kigumu kama punje ya choroko. Kilimwasha hata akashindwa kulala. Kikakua, kikang'aa, kikawa kikubwa kama korosho na kulivuta sikio chini. Saumu akawa anajitanda mtandio hata chumbani, tukiwa peke yetu.

Mama alikuwa muuza vitenge, mtu wa kucheka na wateja. Jioni moja alitoka nje uani, akasimama mbele ya Bi Zaituni, ambaye alikuwa akimsuka mtoto wa jirani.

"Da Zaituni, umemfanya nini mwanangu?"

"Mimi? Mama Saumu, si nimewatoga wote hawa?"

"Ulimsifia bila kusema mashallah. Huna mtoto, ukamtamani wangu."

Mama wa yule mtoto akatoka chumbani kwake, akamwinua mwanawe na kumwingiza ndani akiwa amesukwa nusu kichwa.

Tulipoingia ndani nilimuuliza mama mbona yangu yalipona, na mkono ni uleule.

"Wewe nani akuonee kijicho?" alisema.

Hakukusudia kuniumiza. Lakini niliumia, na kwa muda nililionea wivu lile donge la dada yangu, kwa sababu nililiona kama ushahidi wa uzuri wake.

Mama akatupeleka kwa mganga, Magomeni. Alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini. Alisema husuda imekaa mwilini na lazima ifunguliwe njia. Akamchanja Saumu chale kwa wembe, mabegani na chini ya shingo, akapaka dawa nyeusi. Saumu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Chale zilifunga vizuri. Kisha moja baada ya nyingine zikaanza kuvimba. Ngozi ya dada yangu ikawa na mistari iliyoinuka kama kamba, inayowasha na kuuma akivaa sare ya shule. Akakataa shule. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo, mkasi ameushikiza nyuma ya sikio. Nilipiga kelele. Mama akaja mbio, akampokonya, akaketi sakafuni na kulia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimwita Saumu "mwanangu" na kuyapapasa yale makovu taratibu, bila kusita.

"Hili ni kovu tu," alisema. "Ukiumia, mwili unaziba jeraha kwa nyama mpya, ukimaliza unaacha. Kuna ngozi hazijui kuacha. Zinaendelea kujaza mpaka nje ya jeraha lenyewe. Hizi chale zimeongeza majeraha, na kila jeraha likafanya vilevile." Akamgeukia mama. "Kwenu kuna mwenye kovu la namna hii?"

Mama alishusha kanga begani. Lilikuwepo kovu la chanjo, nene, limeinuka. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote na sikuwahi kulifikiria.

"Na marehemu mama yangu alikuwa nalo," alisema kwa sauti ndogo.

Matibabu yalikuwa marefu. Sindano zilichomwa ndani ya makovu yenyewe, tena na tena, na ziliuma. La sikioni lilikatwa, lakini daktari alituonya kwamba likikatwa tu na kuachwa hurudi kubwa zaidi, hivyo sindano ziliendelea, na Saumu akawa anavaa kibanio cha kulikandamiza sikio. Ya mabegani hayakukatwa. Yalinywea kiasi, yakapunguza kuwasha, ila hayakuondoka.

Bi Zaituni alikuwa ameshahama. Mama alimtafuta mpaka akampata Buguruni, tukaenda sote. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatutengea chai. Mama alilia, akaomba radhi.

"Nimekusamehe, mama Saumu. Zamani tu," alisema. "Ila hata huku yale maneno yalinifuata. Watoto hawaletwi."

Alisema bila hasira, macho yake yakiwa kwenye sikio la dada yangu. Saumu akasogeza kichwa karibu, alione vizuri. Bi Zaituni aliinua mkono, kisha akaurudisha mapajani.

Nikiwa mtu mzima sasa, siwezi kusema mama alikuwa mbaya. Aliogopa, na ilikuwa rahisi kwake kumwogopa mtu kuliko kuogopa kitu asichokijua. Lakini yule mwanamke alipoteza riziki yake na jina lake, na kuomba kwetu radhi hakukumrudishia hata kimoja.

Saumu ana duka la vitambaa siku hizi. Wateja humuuliza mabegani palipatwa na nini: moto, au mume?

"Ni ngozi yangu tu," huwajibu, na kuendelea kupima kitambaa.

Ni maneno mepesi, hata mtoto angeweza kuyasema. Kwetu hakuna aliyekuwa nayo wakati yalipohitajika.