Fundi Asiyekosea na Reli ya Boti Yetu

Habari ya kifo chake niliipata Jumatatu asubuhi, nikiwa uani kwangu Kisarawe nachambua mchicha. Ujumbe uliingia kwenye kundi la wastaafu wa ofisi yetu ya zamani: mwenzetu wa Mbwawa ametutoka, presha. Chini yake zikafuata pole, mishumaa, viganja vya kuomba, na sifa kwa foleni: mtu wa watu, mcha Mungu, fundi asiyekosea. Hapo kwenye fundi asiyekosea nikaweka simu chini. Nikapitisha ulimi kwenye pengo la meno yangu mawili ya mbele, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Loo! Hata hajazikwa, uongo umeshaanza." Nisameheni wasomaji wangu mliozoea kuniona nikiwalilia watu kwa adabu katika ukurasa huu. Huyu nilikuwa na hasira naye kwa miezi kumi, na kufa kwake hakukunipunguzia hata chembe. Kulinikatisha tu kabla sijamaliza kumsema.

Tulifanya kazi chumba kimoja mpaka tukastaafu, yeye mhandisi, mimi mchora ramani. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alituachia boti yake ndogo ya tanga, ya faiba, yenye kijichumba cha kulala watu wawili kama hawagombani. Ilikuwa kuukuu lakini inaelea, na sisi wawili, wazee wazima, tulijifunza kuiendesha kwa kugombana. Ikihitaji matengenezo aliipakia kwenye lori akaipandisha kwake Mbwawa, ikakaa juu ya magogo kati ya migomba na banda la kuku, umbali wote ule kutoka baharini. Majirani wakamwita Nuhu, naye akaupenda huo ukubwa.

Sasa nieleze kidogo, tusiachane. Kwenye boti kama ile tanga kubwa linashikwa na kamba nene, mabaharia wetu wanaiita demani. Mwisho wa demani unafungwa kwenye kigari kidogo kinachoteleza juu ya reli iliyokingama boti, toka ubavu huu mpaka ule. Upepo ukizidi, unakiachia kigari kiende upande, tanga linapumua, boti hailali. Reli yetu ilikuwa fupi na kigari kimeganda kwa chumvi, kwa hiyo kuibadilisha lilikuwa wazo zuri, na nilimwambia hivyo. Kumbe mwenzangu keshakwenda kwa mchomeleaji wa mageti pale Kibaha, amerudi na reli ya geti la kusukuma, na magurudumu yake. Nikamwambia, "Kaka, geti linakaa juu ya reli kwa uzito wake, linakandamiza chini. Demani inavuta juu. Hayo magurudumu yataruka." Akasema ataweka vishikio. Nikamwambia na hizo skrubu fupi zimeshika faiba tu. Aweke sahani nene ya chuma chini ya sitaha, bolti zipite mpaka ndani zikazwe na nati. Nikamchorea kabisa, kwa vipimo. Aliutazama mchoro wangu kama mtu anayemtazama mtoto wa mwenzie akiimba, akatabasamu. "Dada, wewe umechora ramani. Mimi nimejenga madaraja."

Siku ya majaribio upepo ulikuwa wa kawaida tu. Mimi nilishika usukani. Tanga likajaa, skrubu zikang'oka moja baada ya nyingine, ta-ta-ta, ncha ya reli ikafyatuka ikanipiga mdomoni. Nakumbuka damu na chumvi, na nakumbuka yeye akiishika demani kwa mikono mitupu mpaka ngozi ikachunika, akaturudisha ufukweni. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Lakini mnajua neno la kwanza alilotamka tulipogusa mchanga? "Bahati mbaya, dada. Halafu na wewe ulikaa pabaya." Nilikaa pabaya! Usukani uko pale, ningekaa wapi, juu ya mlingoti? Akaja hospitali siku tano mfululizo na chupa ya uji wa mtama, kutoka Mbwawa mpaka Kisarawe. Anamimina, anauliza nimelalaje. Nikimwuliza zile skrubu je, anasema pepo za siku hizi hazieleweki. Siku ya tano nikamwambia, "Siku utakayotamka neno nilikosea, ndiyo siku nitakayokanyaga kwako. Na boti chukua, sitaki." Akafunga kifuniko cha chupa taratibu, akaondoka.

Na wala si yeye peke yake. Nchi hii ina mafundi wa kila namna, ila fundi wa kusema nilikosea bado sijakutana naye. Ukuta ukidondoka, udongo ulikuwa mbaya. Gauni likibana, mteja amenenepa. Ofisini kwetu karavati likibebwa na mvua ya kwanza tulikuwa tunaandika "changamoto za hali ya hewa", na msinione mtakatifu, karavati moja kati ya hayo nililichora mimi na sentensi ile niliiandika mimi. Mwandishi hakuulizwa, mchoraji hakuulizwa, mvua ndiyo iliyobeba lawama. Halafu mtu akifa tunampaka rangi mpya. Tunasoma wasifu wake kama barua ya kuombea kazi. Makosa yake hatuyaziki naye, yanabaki huku juu na sisi, yanaendelea kung'oa watu meno. Haya nayasema kwa ukali kwa sababu nimeyaona, na nimeshiriki.

Msibani nilikwenda, siku ya tatu baada ya maziko. Nilikaa mkekani na kina mama wa Mbwawa, nikala wali wao, nikanyamaza. Wasifu ukasomwa: fundi asiyekosea, mara mbili. Nikachota tonge jingine. Kisha akasimama binti yake mkubwa, yule anayefanya kazi mjini, akashukuru watu, akasema, "Baba ameiacha boti yake imekamilika. Reli aliyoihangaikia ameimaliza. Jumamosi hii tunaishusha baharini, mimi na wanangu wawili, tumuenzi babu yao." Watu wakapiga makofi. Wale watoto wako pale mbele, mmoja amevaa tai ya babu inayomfika magotini. Nikaiona ile ncha ya reli ikifyatuka, safari hii mbele ya uso mdogo. Nikasimama.

"Boti hiyo haiendi popote," nikasema.

Minong'ono ikaanza. Mdogo wake marehemu akaja upande wangu mbiombio. "Mama, hapa ni msibani. Tafadhali mheshimu marehemu."

"Marehemu hazami tena, baba," nikamjibu. "Watakaozama ni hao watoto. Reli ile aliifunga vibaya, nilimwambia akakataa, na haya ndiyo malipo yake." Nikafungua mdomo niwaonyeshe pengo. Kuna mama akasema, "Jamani, mtoeni huyu." Mwingine akasema mwandishi huyu anatafuta cha kuandika. Binti mwenyewe alikuwa amekasirika, lakini malezi ni malezi, hakunitukana. Alisema, "Shangazi, maneno basi. Twende ukaione." Tukazunguka nyuma ya nyumba, msiba mzima ukatufuata, kina mama na kanga zao, wazee na viti vyao vya plastiki mkononi.

Nikapanda ngazi. Kwanza nilitazama juu ya sitaha, na reli ya geti sikuiona. Palikuwa na reli ya boti hasa, ya kuagiza, na kigari kilichoikumbatia kutoka pande zote mbili, ambacho huwezi kukichomoa juu hata ukitaka. Nikajiambia sawa, lakini chini je? Nikaingia kijichumbani, nikalala chali, nikawasha tochi ya simu. Chini ya sitaha palikuwa na sahani ya chuma kisichoshika kutu, pana viganja viwili, imeenea urefu wote wa reli. Bolti zimepita moja kwa moja, kila moja na nati mbili. Vipimo nilivijua bila futi. Vilikuwa vyangu.

Sikukubali upesi, nawaambia ukweli. Nilitoka nikasema tujaribu. Mchomeleaji wa mageti alikuwa palepale kati ya waombolezaji, akaleta winchi yake ya mnyororo, tukaining'iniza kwenye mhimili wa kushushia injini alioujenga marehemu juu ya boti, tukafunga kamba kwenye kigari. Vijana wakavuta. Mnyororo ukalia. Magogo yakalia. Mkia wa boti ukaanza kuinuka kutoka kwenye magogo yake, boti nzima na mizigo yake, na reli haikutikisika hata unywele.

"Mama," yule mchomeleaji akasema, anapangusa mikono, "hii tumeibomoa mara mbili. Ya kwanza sahani ilikuwa nyembamba, mzee akaikataa mwenyewe. Akasema kuna mama yuko Kisarawe, akija kukagua akaikuta hii atanisema mpaka nizeeke tena. Ilikuwa tayari tangu kabla ya masika."

"Sasa kama ilikuwa tayari, mbona hakuishusha majini?"

"Alikuwa anakungoja wewe uikague."

Nilitaka kumfufua nimkabe. Miezi yote hiyo! Simu anayo, namba anayo, uji aliweza kuuleta siku tano. Amekwenda kumwambia mchomeleaji, ameyaambia mabanda ya kuku, ila mimi mwenye meno hakuniambia. Neno moja lilimshinda, akaona bora ajenge upya reli nzima, mara mbili, kuliko kulitamka. Nilishuka ile ngazi nalia, na watu wakadhani ninalia kama wanavyolia wengine, wakanipa pole. Ilikuwa hasira. Nyingine nilimkasirikia yeye na nyingine nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu mimi pia nilikuwa na miguu, gari la Mbwawa ninalijua, na nilikaa Kisarawe nikingoja kuombwa radhi kama bibi harusi.

Binti akaja akasimama mbele yangu, watoto wake nyuma yake. "Shangazi, iko salama?"

"Iko salama," nikasema. "Amefunga vizuri sana."

Sijamsamehe, na msinitumie jumbe za kunihimiza. Ila nimejifunza hili na nawaachia. Ukikosea kazi, kuirekebisha kimyakimya hakutoshi. Nenda kwa uliyemuumiza ukamwambie kwa mdomo wako. Na wewe uliyeumizwa, usijifungie ndani na haki yako ukingoja kubishiwa hodi. Nenda kaikague ile kazi fundi wake angali hai. Mimi nilitamka sifa alizozingoja tangu kabla ya masika, nikazitamka kwa sauti, mbele ya Mbwawa nzima, na mtu pekee aliyekuwa akizihitaji hakuwepo.