Rili ya Kijivu ya Thora Bakken

Samoni wa nundu huja mwaka mmoja na kuruka mwaka mmoja. Ukiwakosa Agosti hii, usiwatazamie Agosti ijayo hata ulie. Thora Bakken alilijua hilo tangu akiwa msichana wa kukata vichwa vya samaki kiwandani. Sasa ana miaka sabini na miwili, mjane, pensheni yake haifiki mwisho wa mwezi, na friza lake la barazani lilikuwa tupu. Wiki tatu za samoni ndizo zinazomlisha mpaka Machi. Na rili yake ya zamani, kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja mshipi, ilikufa Julai, mpini wa kuzungushia ukabaki kiganjani mwake kama kijiko.

Kwa hiyo rili mpya haikuwa jambo la mchezo. Alikwenda dukani akakaa humo asubuhi nzima, mpaka muuzaji akachoka, akamletea kiti. Zile za bei ya chini kabisa alizikataa, maana mwili wake ni plastiki, ukibanwa unapinda. Za bei kubwa alizipita bila kuzigusa. Muuzaji akamsifia moja yenye gololi kumi na mbili ndani, Thora akamuuliza kama samaki huwa anazihesabu. Yeye alichotaka alikijua. Mwili wa chuma. Isiwe nzito ya kumchosha mkono, maana gatini unarusha na kuvuta, unarusha na kuvuta, tangu kunapopambazuka. Ibebe mshipi wa kutosha samoni akiamua kukimbia. Na zaidi ya yote, breki laini ya kuuachia mshipi taratibu samaki akivuta, kwa sababu samoni wa nundu ana mdomo mwororo, na breki ikikwama kidogo tu ndoana inauchana, samaki huyo kwaheri.

Akaichagua ya kijivu, dola sitini na tano. Lakini ile ya rafuni ilikuwa ya kuonyesha tu, nyingine zilikwisha.

Hapo ndipo Wendell Pruitt alipoingia. Wendell ni mwenzake wa gatini, miaka kumi na minne wanasimama bega kwa bega, Thora nguzo ya sita, Wendell ya saba. Wendell mwenyewe alikuwa na rili kama hiyohiyo ya kijivu, ya mwaka juzi. Akamwambia asihangaike, Alhamisi anakwenda mjini Tacoma, atamletea mpya. Thora akampa pesa mkononi, wala hakutaka risiti. Mtu aliyebeba jeneza la mumeo utamdai risiti?

Ijumaa sanduku likafika, karatasi ya maelezo ndani, rili inang'aa. Wendell hata akamkunjia mshipi kwa mkono wake.

Samoni wakaingia Jumatatu. Thora akanasa mmoja mapema kabisa, fimbo ikapinda, samaki akavuta, breki ikakwama, mshipi ukalegea. Hakuna kitu. Akanasa wa pili, ikawa vilevile. Pembeni yake rili ya Wendell ilitoa mshipi taratibu kama inateleza kwenye siagi, na ndoo yake ilijaa. Luz Tabios, mama wa Kifilipino anayevua nguzo ya tano, hakuacha kuchokoza.

"Dada Thora, unawavua au unawasalimia?"

Wendell alisema rili haina kosa, ni yeye anaikaza kupita kiasi, mkono umekuwa mzito. Alisema kwa upole, tena akamwonyesha namna ya kulegeza. Thora akalegeza. Kufikia Jumatano alikuwa amepoteza samaki saba. Jioni alikaa mezani akaitazama mikono yake, ile iliyokata vichwa elfu nne kwa zamu, akaamini kwamba imekwisha. Alifikiri hata kumgawia mtu fimbo yake.

Alhamisi akaona hapana, kwanza aifungue hiyo rili. Akatandika gazeti, akachukua bisibisi. Alipoondoa kifuniko cha breki, harufu ikamfikia kabla hajaona kitu: mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe. Gati zima yupo mtu mmoja tu anayepaka rili zake mafuta hayo, ana kopo lake la kijani, na miaka yote anaambiwa yanaganda na kuziba breki, hasikii. Thora akapangusa. Chini ya mafuta kulikuwa na chumvi iliyoganda, na chini ya chumvi kutu. Rili ya wiki moja haina kutu; hii ilikuwa ile ya Wendell ya mwaka juzi.

Hakulia. Aliirudishia skrubu zote, moja moja.

Asubuhi alifika akamkuta Wendell ameshaanza kurusha. Hakumwamkia.

"Wendell, hiyo rili uliyoshika ni ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu."

Thora akampelekea ile nyingine puani. "Na hii? Inuse."

Wendell hakunusa. Luz akaacha kuzungusha, akageuka. Watu wa nguzo ya nane nao wakatazama.

"Nilidhani haitakusumbua," Wendell akasema mwishowe. "Siku hizi hurushi sana, Thora. Mimi naona unakuja kwa ajili ya mazungumzo."

"Siku tatu nimetazama mikono yangu."

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini? Friza likiwa tupu?"

Luz akamwambia Wendell ampe mwenzake kilicho chake. Lakini Thora hakungoja kupewa. Aliishika fimbo ya Wendell akaifungua rili mpya mwenyewe, akamkatia mshipi wake, na ile yenye kutu akaiweka ndani ya ndoo ya Wendell, juu ya samaki.

Thora hakuhama nguzo ya sita. Kwa nini ahame yeye? Wendell naye hakuhama, labda aliona aibu kuonekana anakimbia. Wiki mbili zilizobaki walisimama vile, hatua mbili kati yao, na rili ilifanya kazi kama alivyoipendea dukani. Alijaza friza mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

Kila asubuhi Wendell aliweka kikombe cha kahawa juu ya ukingo, upande wake Thora. Thora alikiacha hapo. Saa nne, akiwa anakusanya vitu vyake, alikimwaga baharini na kukirudisha kikombe kitupu kwa mwenyewe.