Nilivyozichunguza Hisa za Malukhu

Nilikuwa askari magereza kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo maswali nilikuwa nikiuliza mimi. Wakubwa wangu tu ndio walioniuliza. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na mazoea, na mazoea yana taabu.

Wakati ninaousimulia, vita vilikuwa vimekwisha Kampala, na redio ilituambia kila siku kwamba nchi inajengwa upya. Kwetu Teso ndiyo kwanza vilikuwa vinapamba moto. Ng'ombe wa baba yangu, wale ambao mahari yangu ilitoka kwao, waliswagwa wote asubuhi moja na watu wenye bunduki, na ndugu yangu akabaki na fimbo mkononi. Mimi nilikuwa Jinja, kwenye kota za askari. Niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani nikanyimwa kwa sababu barabara haikuwa salama. Moyoni nilishukuru kunyimwa, na jambo hilo linaniaibisha hadi leo.

Kota si nyumba ya mtu. Siku ukistaafu unakabidhi ufunguo, unabeba sufuria zako, na mwenzako anaingia kabla jiko lako halijapoa. Mke wangu alilijua hilo kuliko mimi. Siku za soko alikwenda Buwenge kununua maharage, akayauza Jinja kwa vikombe, na kwa maharage hayo, baada ya miaka sita, tukapata kiwanja Mafubira, nje kidogo ya Jinja. Kilikuwa kidogo na kimeinama upande mmoja, lakini kilikuwa chetu. Kiliandikwa kwa jina langu kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi. Nyumbani kukiwa hakurudiki, alisema, watoto watakuwa na mahali pa kusema ni kwao.

Kisha nikaona tangazo limebandikwa posta. Kampuni ndogo ya mafuta ya mbegu za pamba na sabuni huko Malukhu, Mbale, iliyokuwa imelala tangu miaka ya utawala wa jeshi, ilikuwa imefufuliwa na matajiri wachache wa mjini, na sasa ilikuwa inauza hisa kwa wananchi. Nililisoma mara tatu. Sikuwa nimewahi kumiliki hisa, ila nilielewa haraka: unanunua kipande cha kampuni, unapewa hati, na mwaka ukiwa mzuri unagawiwa faida. Kwa mtoto wa wafugaji, hiyo ni ndama. Tena ni ndama wa ng'ombe ambaye hakuna mwizi awezaye kumswaga, maana karatasi haina kwato. Nilikwenda kazini siku hiyo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu ng'ombe wetu waondoke.

Sikukurupuka. Nilimwendea Hajji mmoja, mwenye duka la vitambaa, ambaye alikuwa amenunua na kuuza tangu kabla sijazaliwa. Alinipa kiti, akasikiliza, akaendelea kupima kitambaa kwa mkono wake.

"Afande," akasema, "kampuni ndogo ni kama mchumba. Sifa zake usimuulize yeye, waulize majirani. Na uombe kuona vitabu vyake. Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Basi, Hajji?"

"Basi. Na usiwe na haraka. Nyinyi watu wa serikali mna haraka."

Nikayaweka maneno yake kichwani kama amri. Nilipopata likizo ya siku nne, nikawaandikia kampuni siku nitakayofika, nikapanda gari la Mbale. Nilivaa sare. Msiniulize kwa nini, kila mtu wa wakati ule anajua: vizuizi vya barabarani vilikuwa bado vingi, na mwenye sare alipita bila kushushwa na kupekuliwa mifuko. Tena sare ilikupa kiti cha mbele. Nilikuwa nimeipiga pasi mwenyewe, na viatu vyangu vilikuwa vinang'aa.

Mfukoni nilikuwa na barua ya ndugu yangu, iliyokuwa imefika wiki hiyo. Aliandika kwamba mama ni mzima, kwamba wamehamia kambini karibu na barabara, kwamba mwaka huu hakuna aliyepanda pamba, watu wanalima muhogo wa kula tu, na hata huo wanauvuna mbichi kwa hofu. Niliisoma garini, nikasikitika, nikaikunja. Niliiona ni habari ya nyumbani.

Malukhu ilinipokea kwa moshi. Mtu wa Jinja wa miaka ile ataelewa moshi ulikuwa na maana gani. Viwanda vyetu vilikuwa vimekufa, mabomba yamesimama tu juu ya mabati yenye kutu, na hapa, chini ya jabali la Wanale, bomba moja lilikuwa linatoa moshi mweusi mzito. Nusura nilipigie saluti.

Karani mkuu alinikuta getini akivaa koti. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu nyingi. Alinizungusha kote. Mashine ilikuwa inanguruma, wafanyakazi walikuwa wamejipanga, sabuni zilikuwa zimepangwa mezani, miche yote mirefu sawasawa. Nikamwambia nataka kuona vitabu. Hakusita. Akaleta daftari kubwa lenye mgongo mwekundu, akanifungulia.

Hapa ndipo ninapojicheka, ingawa hainichekeshi. Sikujua nitazame nini. Basi nikafanya nilichofundishwa. Nikakagua. Nikaangalia kama mwandiko ni safi, kama mistari imenyooka, kama kuna mahali pamefutwa, kama kila ukurasa una sahihi. Lilikuwa daftari safi kuliko lolote nililowahi kuona gerezani. Nikamrudishia nikamwambia, "Vizuri." Naye akasema, "Asante, afande," kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Bado majirani. Sikuwa nimesahau. Ng'ambo ya geti palikuwa na mama aliyekuwa anakaanga muhogo. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama, kiwanda hiki kinafanya kazi kila siku?"

Aliinuka, akafuta mikono kwenye gauni. "Ndiyo, afande."

"Wafanyakazi wanalipwa?"

"Ndiyo, afande."

"Na mbegu za pamba zinaletwa?"

"Ndiyo, afande. Mingi sana."

Nikamwuliza fundi baiskeli. Ndiyo, afande. Nikawauliza vijana watatu waliokuwa wakipakia mchanga, nikamwuliza mwenye kioski, nikamwuliza mzee aliyekuwa anapita na mbuzi. Watu saba, ndiyo saba, na hakuna aliyepingana na mwenzake. Katika kazi yangu, mashahidi saba wakisema neno moja, kesi imekwisha. Nilirudi Jinja nimeketi wima kwenye kiti cha mbele.

Fedha za hisa zilikuwa ni kiwanja cha Mafubira. Hakukuwa na kingine cha kuuza. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameketi chini na gunia la maharage, anachambua. Yeye hakununua gunia hata siku moja bila kuingiza mkono hadi chini kabisa, hadi begani, na kutoa maharage ya chini ayang'ate. Wenye mali wa Buwenge walimchukia kwa hilo.

Nilisimama mlangoni nikamweleza yote: moshi, mashine, daftari, mashahidi saba. Nikamaliza kwa kusema kiwanja tukiuze, tununue hisa, na nikistaafu gawio litatujengea nyumba kubwa zaidi. Nikamwuliza, "Unakubali?"

Sisi nyumbani tulizungumza Kiteso. Yeye alinijibu kwa Kiswahili, lugha yangu ya kazini. "Ndiyo, afande," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Mwaka wa kwanza gawio lilikuja. Lilikuwa katoni moja ya sabuni, na barua ya kutuomba radhi kwamba fedha zimerudishwa kwenye mtaji. Nilimpelekea Hajji mche mmoja. Aliunusa, akauweka chini ya meza, akaendelea kupima kitambaa. Mwaka wa pili hatukupata hata povu. Nikaandika barua, haikujibiwa. Nikatafuta wa kumwuzia hisa zangu, nikagundua jambo ambalo tangazo la posta halikulisema: hisa za kampuni ndogo hazina soko. Ng'ombe mgonjwa utampata mchinjaji wa kumnunua hata kwa bei ya ngozi. Hii karatasi nilizunguka nayo Jinja nzima, na watu waliisoma kwa heshima wakanirudishia.

Mwaka wa tatu tuliitwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Wakati huo nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na nilikwenda Mbale nimevaa shati la kawaida, kwa kuwa vizuizi vilikuwa vimeondolewa. Tulikuwa wengi ukumbini, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, kila mmoja ameshika hati yake ndani ya bahasha. Mwenyekiti alisema mbegu za pamba hazipatikani kwa sababu Teso haijapanda kwa miaka, kwa hiyo mashine zitakodishwa kwa mtu mwingine kwa kipindi kirefu. Nikaikumbuka barua ya ndugu yangu. Ilikuwa mfukoni mwangu siku yote ile niliyokuja kukagua, mita chache kutoka kwenye mashine ile. Mtu wa Teso mimi, nikaenda kumwuliza mkaanga muhogo wa Mbale kama kwetu kuna pamba.

Nilisimama nikapinga. Nilitumia sauti yangu ya gerezani, nikauliza huyo mkodishwaji ni nani na kwa nini hatukuulizwa mapema. Mwenyekiti alinisubiri nimalize.

"Asante, mzee. Tumesikia. Sasa tupige kura."

Tuliokataa tulijaza ukumbi kwa mikono. Waliokubali walikuwa watano, wameketi mstari wa mbele. Lakini kura zilihesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa, na watano wale walikuwa wametushinda kabla hatujaingia mlangoni. Nilishusha mkono. Sijui kama kuna kitu kizito kama mkono wa mtu mzima unaoshushwa hivyo.

Nje, bomba halikuwa na moshi. Mama wa muhogo alikuwa palepale. Nilinunua vipande viwili nikaketi kwenye jiwe lake, nikamwambia kuwa mimi ndiye yule askari aliyekuja kumwuliza habari za kiwanda. Alinitazama sana, kisha akakumbuka. Nikamwuliza mbona alinidanganya.

"Mzee, mimi nitasema nini?" Hakuwa na kinyongo, alikuwa anageuza muhogo. "Wewe nakuja na uniform, nasimama hapa hivi, nauliza na Kiswahili. Sisi hapa tumeona watu wa Kiswahili, wale wa bunduki. Wao nauliza, wewe nasema ndiyo, wao naenda. Ukisema hapana, nakubeba."

"Na moshi?"

"Hiyo mashine nawasha tu siku mgeni nakuja. Sisi wote najua. Mimi nikiona moshi, nakaanga muhogo mingi."

Njia nzima ya kurudi sikusikia mazungumzo ya mtu. Nilikuwa nimewauliza watu saba na sikuwa nimemwuliza hata mmoja. Kisha, tulipopita Iganga, nikakumbuka kwamba walikuwa wanane.

Nilistaafu. Nikakabidhi ufunguo wa kota, tukapanga chumba kimoja Mafubira, maana ndiko kulikokuwa rahisi. Kutoka uani tunaona kiwanja. Mwenye nacho amejenga nyumba ya matofali, upande ulioinama akaujazia kifusi ukawa sawa, jambo ambalo mke wangu alilisema tangu siku ya kwanza kwamba linawezekana.

Nilimwuliza jioni moja mbona hakunikatalia. Alikuwa ameingiza mkono guniani hadi begani.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," akasema, "na kofia kichwani. Nani anamkatalia mtu aliyesimama hivyo?"

Kampuni ilikuwa imetuandikia siku hizo: kila mwanahisa mdogo achague, ama arudishiwe sehemu ndogo sana ya fedha zake na hati ichanwe, ama aendelee kungoja. Nilikuwa na barua hiyo kwa wiki mbili na nilikuwa sijamwonyesha. Niliketi chini, upande wa pili wa gunia, magoti yakilia, nikaiweka juu ya maharage nikamsomea neno kwa neno. Nikamwuliza, "Tuchukue hicho kidogo, au tungoje?"

Alichukua maharage matatu ya chini ya gunia, akang'ata moja, akaangalia barua, akaangalia nyumba ya matofali ng'ambo ya ua. Nilingoja. Nadhani sikuwa nimewahi kumngojea mtu ajibu.

"Sijui," akasema kwa Kiteso, na machozi yakamtoka. "Hata mimi sijui."

Nikavuta maharage upande wangu, nikaanza kuchambua naye.