Waya Mweupe wa Kanyenye

Ndugu zangu wa usharika wa Tura, Mchungaji ameniomba nisimame niseme jinsi Mungu alivyoniponya. Nitasema. Ila msitarajie maneno laini, kwa sababu ugonjwa wangu aliniletea mtu, na baadhi yenu mlioketi hapa mlinitangaza kuwa mvutaji. Nimepona kifua. Hasira bado ninayo.

Wengi mnanijua. Mimi ni Kabula, nililelewa kwenye kwaya hii. Nilipohamia Tabora mjini nilipanga chumba Ipuli nikawa nasuka nywele. Vidole vyangu ni vyepesi. Mteja wangu mmoja aliviona, akanipeleka kwa Deo.

Deo ana duka la vifaa vya simu pale Kanyenye. Humo anauza pia sigara za umeme, zile vijana wanaziita vepu. Zipo za aina inayofunguliwa na kuundwa upya. Ndani yake kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kama springi, na pamba imepitishwa katikati. Pamba inanyonya maji yenye harufu ya matunda, betri inaupasha waya moto, maji yanakuwa mvuke, mtu anavuta. Koili ikichoka inatolewa, inawekwa nyingine. Wateja wengi hawawezi kuzisokota, hivyo Deo alitaka mtu wa kukaa chumba cha nyuma afanye kazi hiyo.

"Dada Kabula, ni kama kusuka tu," aliniambia.

Na kweli ilifanana na kusuka. Nilizungusha waya kwenye shina la bisibisi, mzunguko kando ya mzunguko, bila kupandana. Kisha niliifunga koili kwenye kifaa, nikaiwasha kabla ya kutia pamba, nikaangalia kama inaiva nyekundu sawasawa kuanzia katikati. Isipoiva vizuri naibana kwa kibano, nawasha tena. Niliipenda kazi ile, na sioni aibu kusema. Kuvuta sikuvuta, hata kuonja.

Mambo yaliharibika waya wa mwanzo ulipoisha. Ule ulikuwa unakuja na mzigo kutoka Dar. Deo hakutaka kusubiri mzigo. Akaja na rola jingine, waya mweupe unaong'aa. Nilipouwasha ulitoa moshi mweupe mzito, na mdomo wangu ukajaa ladha tamu ya chuma, kama nimelamba sarafu.

"Kaka Deo, mbona huu unatoa moshi?"

"Ni mafuta ya kiwandani. Yanaungua yanaisha. Wewe endelea."

Halafu akatoka, akasimama barazani. Tangu hapo, kila nikianza kuwasha, Deo alitoka. Mimi nilibaki kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtu anayeamini moshi hauna neno angekaa ndani na mimi.

Jioni ile nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Homa ilipanda, viungo vikauma kama nimepigwa, nikawa na kiu isiyokatika. Asubuhi nikaamka nimelowa jasho, lakini mzima. Nikarudi kazini. Jioni homa ikarudi. Kwenye duka la dawa wakanipima, kipimo kikasema sina malaria, wakanipa dawa ya mseto hivyo hivyo. "Siku hizi malaria inajificha," muuzaji alisema. Nikameza. Baadaye nikameza tena. Hakuna aliyeniuliza mchana kutwa nashinda wapi.

Kisha likaja tamasha la muziki mjini, Deo akataka koili nyingi kuliko kawaida. Akafunga mlango wa chumba cha nyuma, akasema hataki wateja waone fujo. Nilisokota na kuwasha siku nzima ndani ya moshi ule. Nilipofika nyumbani kifua kilikuwa kimebana kama nimefungwa kanga mbichi. Nilikohoa, likatoka povu lenye rangi ya damu. Kucha zikawa za bluu. Jirani yangu, Mama Asha, aliniuliza nina nini, nikashindwa kumjibu kwa sababu pumzi haikutosha kumaliza neno. Alinibeba yeye na mume wake, wakaniingiza kwenye bajaji, tukaenda hospitali.

Waliniwekea mpira wa oksijeni puani. Wakapima makohozi wakidhani ni kifua kikuu, hakikuonekana. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yamejaa ukungu pande zote. Mama yangu alipanda treni kutoka hapa Tura, akanikuta siwezi kulala chali, nimeketi nimeinamia mto, nahema kama mbwa aliyekimbizwa.

Daktari aliyekuja zamu iliyofuata alikuwa mama wa makamo. Alivuta kiti, akakaa.

"Binti, unafanya kazi gani?"

Nikamweleza kidogo kidogo, kila pumzi na neno lake.

"Waya wenyewe ukoje?"

"Mweupe. Unatoa moshi."

"Huo umepakwa zinki. Mafundi wa kuchomelea wanakuja hapa na homa kama yako wakichoma vyuma vya zinki. Lakini wao wanafanya kazi nje, kwenye upepo. Wewe umefungiwa na moshi."

Akabadilisha dawa. Mama akaenda kwa Deo kumwambia hali yangu, akiamini atakuja angalau kuniona. Deo alimjibu mbele ya watu, "Mama, binti yako anavuta hivyo vitu. Nilimkataza mara nyingi." Uongo huo ulifika Tura kabla yangu. Mkaupokea. Mama alipowaomba mniombee, kuna aliyemjibu kwamba dhambi ina mshahara wake. Mama alinificha maneno hayo mpaka nilipopata nguvu ya kuyasikia.

Kupona kulikuwa kwa taabu. Nilipuliza mapovu ndani ya chupa ya maji kwa mrija, kama nilivyofundishwa, mpaka mbavu zikawaka moto. Kuoga peke yangu kulinichosha kama kulima. Niliporudi kwa mama nilianza kutembea hadi kwenye mtaro, kisha hadi kwa jirani, kisha hadi stesheni bila kusimama. Sauti yangu ya kwanza niliyoimba kwenye kwaya haijarudi yote. Huenda isirudi.

Nilipoweza kupanda treni, nilikwenda Kanyenye. Deo alikuwa na wateja. Nilipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Pale kwenye kiti nilichokuwa nakalia nilimkuta mama mmoja, Zuhura, ana waya uleule mkononi.

"Dada, jioni huwa unatetemeka?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Nimeambiwa ni malaria."

"Weka chini huo waya. Twende hospitali."

Deo alianza kufoka kwamba namharibia biashara. Nikamwambia mbele ya wateja wake kitu alichonifanyia, tangu rola jeupe mpaka uongo aliompa mama yangu. Zuhura alichukua mtandio wake tukaondoka. Alitibiwa mapema, na leo ni mzima. Duka la Deo bado liko wazi, nami nimeshafika serikali ya mtaa kulalamika. Nitarudi tena.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Asha, na daktari aliyevuta kiti akauliza. Wenye watoto mjini, waulizeni wanashika nini na wanavuta hewa gani kazini. Homa ikija kila jioni baada ya kazi, mwambieni daktari kazi yenyewe kabla hamjameza chochote.

Na wewe uliyemwambia mama yangu habari ya mshahara wa dhambi, nakufahamu, na unajua nakufahamu. Mama ameketi pale benchi la mbele. Ibada ikiisha, ukiomba radhi, anza kwake.