Nguzo Ambazo Mfaransa Hakuzificha

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu Elia. Najua utacheka: dada wa miaka kumi na nane anamwita mdogo wake mwanangu! Lakini nani alikufunga kamba za viatu Mama akiwa kazini? Basi niache niseme kama wazee, maana leo najisikia mzee kweli. Na ninaandika kwa sababu unanijua, jambo zito mdomoni mwangu halitoki.

Alhamisi hiyo nilikuwa na umri wa miaka kumi na tano. Kesho yake nilitakiwa kusimama darasani, peke yangu, niongee kuhusu mtu niliyemchagua mwenyewe. Ilikuwa nafasi ya pili na ya mwisho. Ya kwanza ilinipita kwa sababu asubuhi ile Mama Furaha wa kanisani alinipigia simu nimsindikize kwa daktari, nimtafsirie. Nikaenda. Mwalimu aliponiuliza nilikuwa wapi, niliangalia viatu vyangu.

Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hapana. Na wakubwa wote wa kanisa letu walikuwa na namba yangu. Leo benki, kesho shuleni kwa watoto wao, keshokutwa fundi wa boila, mtambo wa maji moto. Nilikuwa mdomo wa watu wote, mimi ambaye wangu mwenyewe haufunguki.

Mtu niliyemchagua alikuwa msanifu majengo Mfaransa wa zamani. Enzi zake chuma kilikuwa cha stesheni na viwanda. Kwenye majengo ya heshima kilifichwa ndani ya kuta, kama jamaa maskini siku ya harusi. Yeye alijenga maktaba Paris, akasimamisha nguzo nyembamba za chuma katikati ya ukumbi, paa lote juu yake, kisha akaziacha wazi. Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni mbele ya Koko, bibi yetu mzaa mama. Nilimsimulia kwa Kiswahili, yeye akikoroga sombe, majani yetu ya muhogo, harufu ya karii ya mgahawa wa chini ikipanda kama kawaida ya mtaa wetu wa Balsall Heath.

"Kwa nini hakuzifunika?" akauliza.

"Alitaka watu waone kinachobeba paa, Koko."

"Bon, vizuri. Huyo alikuwa na akili. Na ni nyembamba kweli?"

"Kama zile za stesheni ya Moor Street."

"Kama miguu yangu, basi!" Akacheka peke yake.

Hapo simu ikaita. Mama Furaha tena: kesho asubuhi anapigwa picha ya goti hospitalini, niende naye. "Ndiyo, mama," nikasema. "Hakuna shida." Nikakata simu, nikakunja karatasi yangu ya hotuba, nikaitupa kwenye takataka juu ya maganda ya vitunguu. Sikulia. Nadhani hilo ndilo lililomtisha Koko.

"Kesho si ndiyo siku ya Mfaransa wako?"

"Haidhuru."

"Mama Furaha anajua?"

Nikatikisa kichwa. Koko akazima jiko.

"Wee mwana! Unamsifu mzungu aliyeacha nguzo wazi, na wewe unajipaka udongo mpaka utosini! Nani atajua kama unabeba? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Ndipo nikasema nimechoka. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwa lugha yoyote. Nikamwambia na jambo ambalo sikuliandika kwenye hotuba: chuma kile cha kusubu, kinachoyeyushwa na kumiminwa, hakipindi kwanza ili kikuonye. Kikizidiwa, kinakatika.

"Nipe simu," Koko akasema, akapiga, sauti ikisikika jikoni kote.

"Mama Furaha, huyu mwana kesho ana kazi yake shuleni. Na siku ile nyingine alikuwa nayo pia, akaiacha."

Nilingoja hasira. Sauti iliyokuja ilikuwa ndogo kabisa. "Yesu wangu! Mbona hakusema? Hospitali wana mkalimani wao wa simu. Mimi namtaka yeye kwa sababu ananishika mkono. Naogopa zile mashine."

"Mkono hata mimi ninao. Kesho nakuja mimi."

"Wewe? Na Kiingereza chako cha sori-sori?"

"Hicho hicho! Mkalimani aseme, mimi nishike."

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa na karatasi inayonuka kitunguu. Sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Sikugeuka shujaa, Elia. Lakini maneno yale yalikuwa yangu. Sikuwa namtafsiria mtu.

Septemba naondoka, nakwenda Leeds kusomea ujenzi. Jumapili Mama Furaha alikuomba namba yako, kwa wema wake, nawe ukasema ndiyo huku macho yako chini. Macho yale nayajua. Ndiyo maana nimeketi kuandika, ingawa mwili hautaki.

Mwanangu, ukiitwa, nenda. Watu hawa ndio waliotuletea godoro siku tulipofika nchi hii hatuna kitu. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawana ubaya, hawaoni uzito tu, na hawatauona kama umeuficha. Kabla ya kusema ndiyo, sema una nini mkononi. Ukichoka, sema umechoka, hata kwa hicho Kiingereza chako unachojibia kila kitu, Koko ataelewa. Na akiwa amelala, nipigie mimi.

Mungu akupe mgongo wa chuma, mdogo wangu, na akupe mdomo wa kusema mahali unapouma. Na siku utakaposema, awepo wa kuzima jiko akusikilize.